Shahidi wa Tatu

Uliangalia pembeni. Usikane. Tulikuwa wengi barabarani siku zile na tunakumbuka nani aligeuza shingo. Desemba ile ya mwaka tisini na sita, watu walipopita na magodoro kichwani, na madumu, na wazee wao mgongoni, wewe ulikumbuka ghafla kwamba una mbuzi wa kumhamisha kamba. Ulikumbuka ibada. Ulikumbuka kwamba moyo wako una vumbi, ukaingia ndani kuufagia, ukafunga mlango ili vumbi la wapitaji lisikuharibie kazi. Leo ukiulizwa unasema, mimi sikumdhuru mtu. Haya. Keti basi usikie habari za mama mmoja wa Mugoma, wilaya ya Ngara, ambaye naye hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa mwema.

Jina lake Josefina. Alikuwa mjane, mwenye shamba la migomba lisilomaliza dakika tano kulizunguka, na alikuwa na kibuyu kidogo kilichovunjika shingo. Tangu alipookoka, miaka kumi na mmoja nyuma, kila jioni alitia humo punje ya haragwe kwa kila kosa la siku hiyo. Punje ya hasira, punje ya umbea, punje ya ugoro alioonja kwa jirani. Jumapili, kabla ya kwenda kwenye ushirika wa waliookoka, alizimwaga kwenye ungo akazitubia moja moja. Mwaka wa kwanza kibuyu kilifurika. Ugoro ukamtoka. Umbea ukamtoka, ingawa kwa kuburutwa. Hasira ilimchukua miaka sita. Sasa alikuwa amebakiwa na punje moja, na ilikuwa ileile kila Jumapili.

Punje hiyo ilikuwa uongo. Miaka miwili na nusu nyuma, mwanawe Danstan alimleta nyumbani msichana kutoka kambini, Uwimana, aliyevuka mpaka wa Rwanda peke yake akiwa na kiatu kimoja. Danstan akamwoa. Modestus, balozi wa nyumba kumi, alipokuja na daftari lake kuuliza mgeni ni nani, Josefina alimtazama usoni akasema: "Ni binti wa kijiji cha Bisibo, kule Biharamulo, jirani na kaka yangu. Tumemlipia mahari kwao." Modestus akaandika Bisibo. Ikaishia hapo. Akazaliwa mtoto, Irine, mwenye mashavu ya baba yake.

Jumapili hiyo asubuhi Josefina alikuwa ameinama juu ya ungo, na Uwimana alikuwa kando yake akipukuchua maharage mapya, mtoto mgongoni.

"Mabukwe," Uwimana alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita mama mkwe kwa lugha ya kwao, "umeikodolea macho punje hiyo kama kuku aliyesahau kula."

"Ni yako hii."

"Nipe basi niipike, iishe."

Josefina alicheka, halafu akajuta kucheka. "Mwanangu, miaka kumi na mmoja. Nimetoa yote. Nimebakiza hii tu kati yangu na Mungu. Usiku nikipiga magoti naisikia."

Uwimana aliacha kupukuchua. Sokoni lilikuwa limesomwa tangazo: wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao kabla mwaka haujaisha. "Mabukwe, hiyo unayoiita dhambi, mimi ndimo ninamolala. Kule kwetu waliobaki ni wale waliochukua shamba la baba. Wananijua sura. Wanajua nawajua."

"Hakuna atakayekugusa. Mimi nazungumza habari za moyo wangu."

"Moyo wako," alisema Uwimana polepole, kama mtu anayepima uzito wa mzigo wa mwenzake, akarudi kwenye maharage.

Ushirika ulikutana sebuleni kwa Ndugu Leonidas, mzee mrefu aliyekuwa na sauti ya kubembeleza wagonjwa. Waliimba, wakaomba, wakasimama mmoja mmoja kutubu mbele ya wenzao, kama ilivyo desturi yao. Aliyeiba kuni akasema kuni. Aliyemwonea wivu mke mwenzake akasema wivu. Josefina akasimama.

"Kuna mtu nilimdanganya. Ni mtu wa serikali. Uongo huo nauficha mpaka leo."

Chumba kizima kikashusha pumzi kwa furaha. Hivyo ndivyo walivyo watu wema wakisikia mwenzao ametapika.

"Usituambie sisi ni uongo gani," alisema Leonidas kwa upole. "Kutubu ni nusu. Nusu ya pili ni kutengeneza. Uliyemwibia unamrudishia. Uliyemdanganya unamwendea, unamwambia kwa kinywa kilekile. Utakwenda, dada?"

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Kesho kukipambazuka."

Wakaimba tena. Josefina alirudi nyumbani akijiona mwepesi kama kapu tupu. Hakumwambia Uwimana neno. Alijiambia Modestus ni mtu wa kunywa lakini si mtu mbaya. Atasikia, atasamehe, atanyamaza, na kila mtu atalala na chake. Ndivyo alivyoamini. Kwao wao, jambo likishatubiwa limezikwa, na nani hufukua maiti?

*

Jumatatu saa moja na nusu Modestus alikuwa uani kwake, amekaa kwenye benchi na mwanamume mmoja mwenye shati la mikono mifupi, wanakula ndizi za kuchoma. Josefina alipochungulia uani, balozi aliinuka haraka mno kwa mtu wa mwili wake.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mama Danstan. Habari za asubuhi, mbona mapema, mbuzi wamekula nini? Rudi baadaye, nina mgeni."

"Sina la mbuzi. Nina la moyoni."

"La moyoni linangoja. Mimi nimelipa langu la tumboni nafasi kwanza." Alikuwa akicheka kwa mdomo, macho yake hayacheki. Alimshika mkono akamsogeza kuelekea njiani, akanong'ona: "Mama, sikiliza. Najua ulichokuja nacho. Usiniambie. Nikishasikia nimesikia. Miaka miwili na nusu nimekuwa sijui, tena sijui kwa bidii. Unafikiri Bisibo kuna mtu anayesalimia kama yule binti? Nimeandika Bisibo kwa mkono wangu huu, nikalala usingizi. Nenda nyumbani."

Hapo, ewe msikilizaji, palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa na mlevi alikuwa ameushikilia. Lakini Josefina alikuwa amejaribu kwa miaka kumi na mmoja kuwa mtu asiyerudi nyuma, na alijua akirudi leo moyo utapoa, na punje italala tena kwenye kibuyu. Akautoa mkono wake.

"Hata mgeni na asikie," alisema kwa sauti ya ushirika. "Nimechoka kunong'ona. Balozi, nilikudanganya. Mke wa Danstan si wa Bisibo. Ni wa Rwanda, alitoka kambini. Naomba unisamehe."

Modestus alifumba macho.

Yule mgeni alimaliza kutafuna. Akafuta vidole kwenye jani la mgomba, akavuta begi lililokuwa chini ya benchi, akatoa karatasi zenye mistari. "Taja jina la huyo mke, mama," alisema. "Polepole, kalamu yangu nzito."

*

Mgambo wawili walitumwa kwa baiskeli, wakafika nyumbani kwake kabla yeye hajafika. Alimkuta Uwimana ameshasimama nje, Irine mgongoni, kifurushi cha nguo mkononi. Hakuwa analia. Maharage yalikuwa yamemwagika mlangoni na mgambo mmoja alikuwa akiyakanyaga bila kuyaona.

"Kumbe ulikwenda," alisema Uwimana.

"Mwanangu, sikujua yule..."

"Umepona?"

"Nini?"

"Nauliza, mabukwe. Umepona? Moyo umekuwa mweupe sasa?" Alisema kwa adabu, kama anavyouliza mtu aliyetoka zahanati. "Danstan akirudi kutoka Nyantakara," Uwimana aliendelea, "mwambie shuka lake nimelianua, lipo kitandani."

Danstan alikuwa huko Nyantakara kwenye kibarua cha kupanda pamba, mwendo wa siku mbili. Nani angemfikia?

Mgambo mkubwa akasema, "Twende, dada, utaongea na mkweo kwa barua." Mwenzake akacheka. Ukumbuke kicheko hicho. Si cha mtu katili. Ni cha kijana aliyechoka, mwenye njaa, aliyekwisha kupeleka watu thelathini wiki hiyo. Wengi waliotufanyia mabaya walikuwa na njaa tu.

*

Watu walikusanywa kwenye uwanja wa shule. Lori lilikuwa limeegeshwa, turubali limefunguliwa nyuma. Afisa wa kuandikisha wakimbizi, yule mla ndizi, alikuwa amewekewa dawati la wanafunzi chini ya paa la ofisi, magoti yake hayaingii.

Josefina alipita mbele ya foleni bila kuomba radhi kwa mtu, yeye aliyekuwa haendi kisimani bila kusalimia wote. Akashika ukingo wa dawati.

"Bwana mkubwa, nilikosea asubuhi. Yule binti ni wa Bisibo."

Uongo huo ulimtoka mzima, bila kigugumizi. Alishangaa ulivyo mwepesi.

Afisa alimtazama. "Mama, wewe si umeokoka?"

"Ndiyo."

"Niliuliza habari zako. Kila mtu ananiambia, yule mama hasemi uongo, hata ukimpa chenji iliyozidi anakufuata njia nzima. Sasa nikuamini wa saa moja au wa saa tatu?" Nyuma yao kwenye foleni watu walicheka kidogo. "Miaka kumi na mmoja umejijengea jina, mama. Jina hilo ndilo limemweka kwenye orodha yangu. Siwezi kulivunja kwa sababu sasa linakuuma."

"Basi niandike mimi badala yake. Nipeleke mimi."

"Wewe una kwako."

"Na yeye ana kwake! Pale, nyuma ya migomba ile! Mtoto amezaliwa pale!"

Afisa aliweka kalamu chini, akajisugua macho. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti. "Sikiliza. Nilichosikia kwenye benchi la watu nikila ndizi, hicho ni cha benchi. Hapa mezani nina utaratibu. Mtu akibishaniwa, wanakuja watu wazima watatu wa kitongoji, wanasema mbele yangu wanamjua yeye na kwao, wanaweka sahihi au dole gumba. Ikijaa mistari mitatu namfuta kwenye orodha. Ikiwa miwili, simfuti. Wewe huhesabiwi, umeshatumia mdomo wako. Lori linaondoka saa nane."

"Watatu."

"Watatu. Si wawili na maombi."

Uwimana alikuwa ameketi kwenye nyasi karibu na gurudumu la lori akimnyonyesha Irine. Alikuwa amesikia yote. Hakuinua kichwa.

*

Modestus hakuhitaji kubembelezwa. Alimkuta bado kwenye benchi lile, peke yake, ganda la ndizi mkononi.

"Wakijua nimeapa uongo, ubalozi kwisha, na labda mahabusu," alisema akivaa koti. "Lakini ubalozi wenyewe umenipa nini zaidi ya malalamiko ya kuku? Nitasema nilimjua huko Bisibo tangu akiwa na kamasi. Nitasema nilimbeba. Wa pili nani?"

Wa pili ndiye aliyekuwa mgumu kwa Josefina, si kwa sababu angekataa. Leonsia alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mpika rubisi, na kwa miaka kumi na mmoja Josefina hakuwahi kuketi kwake. Alipopita alivuta khanga puani kwa ajili ya harufu ya pombe ya ndizi. Alimkataza Uwimana kuchota maji pamoja naye.

Leonsia alimsikiliza mpaka mwisho, akikoroga.

"Kwa hiyo leo harufu yangu haikukeri."

"Dada Leonsia, nakuomba."

"Dada! Tangu lini? Juzi tu nilikuwa mlango wa jehanamu." Alichota rubisi kwenye kibuyu, akachomeka mrija, akamsogezea. "Mimi siapi kwa ajili ya mtu ambaye hajanywa kwangu. Hata mama yangu alinifundisha hivyo. Kaa. Kunywa. Halafu tutakwenda kumtetea mkweo kama majirani."

Wanywaji watatu waliokuwa ukutani waliacha mazungumzo yao. Mmoja akasema, "Leo mbingu imeshuka kunywa." Josefina aliketi kwenye kigoda. Alishika mrija kwa midomo, akavuta. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko vicheko, kwamba ilikuwa tamu na alikuwa ameikumbuka. Machozi yakamtiririka na aliendelea kuvuta mpaka mrija ukapiga kelele chini.

"Basi, basi," alisema Leonsia, sauti imebadilika. Alimnyang'anya kibuyu. "Sikukutaka uzame." Akajifuta mikono kwenye sketi, akafunga kitambaa kichwani, akatoka mbele. "Yule mtoto Irine ananiita bibi wewe ukiwa shambani. Hukujua hilo, eeh? Twende."

Ilikuwa saa sita imepita. Leonsia akashika njia ya shule, Josefina akaenda kumtafuta wa tatu.

*

Kwa wa tatu Josefina hakuwa na shaka. Watu ishirini na wawili walikuwa kwenye ushirika, wote walimjua Uwimana, wote walikuwa wamempakata Irine. Alianzia kwa Leonidas kwa sababu akisema yeye, wengine watafuata.

Mzee alikuwa akisoma. Alimpokea kwa mikono miwili. "Dada, Bwana asifiwe! Umetengeneza?"

"Nimetengeneza. Wamemchukua." Akamweleza yote kwa pumzi moja. "Neno moja tu, Ndugu. Useme ni wa Bisibo."

Leonidas aliurudisha mkono wake polepole. Alikuwa amesikia harufu. "Umekunywa."

"Nimekunywa. Nitatubu kesho. Leo twende shuleni."

"Unataka niape uongo."

"Nataka umtoe mtoto kwenye lori!"

Mzee aliketi. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu mgonjwa, na lazima isemwe, maana chuki ya uvivu haisaidii mtu, kwamba hakuwa mnafiki. "Josefina. Mwaka sabini na tatu niliapa uongo juu ya ng'ombe wa mtu. Mtu yule akafungwa, akafia ndani. Mkewe bado anapita hapa mbele, ananisalimia. Siku nilipookoka niliahidi ulimi huu hautaapa uongo tena mpaka udongo uuzibe. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya mtu. Ukiivunja unanirudisha niwe yule wa ng'ombe."

"Ule uongo ulimfunga mtu. Huu unamfungua."

"Uongo ni uongo."

"Na mimi nilisema kweli leo asubuhi! Wewe ndiye uliyenituma! Niambie, kweli yangu imefanya kazi gani?"

"Mungu atamlinda huko aendako. Tutamwombea sasa hivi, hapa."

"Na wewe utamlinda lini?"

Alipiga magoti. Alimshika mzee miguu, yeye mama mtu mzima, kitenge chake kwenye mavumbi ya sakafu. Leonidas alilia. Alilia kwelikweli, machozi yakamwangukia Josefina shingoni, na hakuondoka kitini.

Akaenda nyumba ya pili. Mume hayupo. Ya tatu, mama alisema kupitia dirishani, "Nitaomba, dada, nitafunga kabisa na chakula." Ya nne walikuwa wamekwisha kusikia, mlango ulikuwa umefungwa na sauti ya mtoto ndani ikiambiwa inyamaze. Ya tano, fundi baiskeli mmoja alisema yuko tayari, akavaa viatu, akafika mpaka barabarani, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe bibi yake alitoka Burundi na karatasi zake hazijakaa sawa. "Nisamehe," alisema. Akavua viatu palepale njiani kama mtu aliyefika nyumbani. Nyumba zilizofuata zilikuwa vivyo hivyo.

Unawaona? Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwovu. Ishirini na wawili waliotaka kuwa watu bora, na kila mmoja alikuwa ameukumbatia ubora wake kifuani kama yai.

*

Saa nane kasoro dakika kumi. Modestus amesema lake, kwa mbwembwe, mpaka na jina la mto alikomwogesha binti huyo akiwa mdogo. Leonsia ameweka dole gumba, wino umemfika kwenye kiganja. Afisa ameiandika mistari miwili kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefunzwa na mapadri. Ameishikilia kalamu juu ya wa tatu.

"Mama, yuko wapi?"

"Anakuja."

"Ni nani?"

Josefina hajui ni nani. Amesimama hapo na harufu ya rubisi na vumbi la barabara nzima miguuni. Uwimana ameshapandishwa. Yuko ukingoni mwa turubali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo amemtazama mama mkwe wake, akavua khanga ya mgongoni, akamteremsha Irine mpaka mikononi mwa Leonsia. Kisha amebadili nia, amenyoosha mikono kumtaka tena. Leonsia hajui amrudishe au abaki naye. Mtoto analia katikati ya mikono minne.

Nyuma ya ua wa miti wa shule wamejipanga watu, kama sitini, wametoka majumbani kuangalia. Josefina anawageukia. Hana tena jina la kuita.

Wewe ni mmoja wao. Usiangalie aliye kulia kwako, naye anakuangalia wewe. Huna haja ya kuwa mtu mkubwa, wala mtakatifu, wala kuwa umemaliza kuusafisha moyo wako; uutengeneze kesho, utakuwepo. Mstari mmoja uko wazi, wino haujakauka, na dereva ameshaingia ndani anatafuta ufunguo. Ruka ua huo. Pita mbele ya foleni. Weka dole lako pale na useme kwa sauti, mbele ya kila mtu, kwamba huyu unamjua. Sasa. Nenda!